Kumbukumbu za Ngitili Zisifungwe kwa Ufunguo wa Mtu Mmoja

Mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu unaihusu Shinyanga. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ili kuiokoa ardhi iliyokuwa ikigeuka jangwa. Wananchi walirudia desturi yao ya ngitili, yaani kutenga eneo la majani na miti lipumzike mpaka kiangazi. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilizokadiriwa kuwa hekta 600 tu hapo mwanzo zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Kazi kubwa kama hiyo huzaa karatasi nyingi: ramani za mipaka, sheria ndogo za vijiji na taarifa za wataalamu. Lakini mwaka 2012 mkoa uligawanywa. Maswa, Bariadi na Meatu zikawa za Simiyu, na Bukombe ikaenda Geita. Ardhi hugawanyika, historia yake haigawanyiki. Kwa hiyo mikoa hii mitatu haina budi kuwa na hazina moja ya kumbukumbu ya kidijitali, mfano wa ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, inayotumia programu ya DSpace. Programu hiyo, iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, haiuzwi.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kupata programu ndiyo kumaliza kazi. Hazina hiyo ni masjala, na masjala huharibika kwa mambo mawili: funguo kutolewa ovyo, na majalada kulala mezani.

Kuhusu funguo, ruhusa itolewe kwa kundi la wenye kazi fulani, si kwa jina la mtu. Ofisa misitu wa Meatu aweze kuingiza taarifa za Meatu, asiweze kufuta za Bukombe. Akihamishwa, aondolewe katika kundi siku ya makabidhiano, na mrithi wake aingizwe siku hiyo hiyo. Neno la siri moja linalotumiwa na ofisi nzima ni hatari, kwa sababu waraka ukifutwa hajulikani aliyeufuta.

Kuhusu majalada, programu hiyo ina utaratibu mzuri. Mtumaji akiingiza waraka, hauonekani kwa umma mpaka upite kwa wahakiki. Mhakiki huuchukua kutoka katika foleni, kisha huukubali, au huurudisha kwa mtumaji pamoja na sababu. Lakini akiisha kuuchukua, wenzake hawauoni tena katika foleni. Akienda likizo bila kuurejesha, waraka umekwama. Tuseme ni ramani ya ngitili ambayo familia mbili zinagombania mpaka wake. Baraza la kijiji litaamua bila ushahidi, na ushahidi upo! Basi kila wilaya iwe na wahakiki wasiopungua wawili, na msimamizi akague foleni kila wiki, na kazi iliyolala airudishe kwa wote.

Wapo watakaosema kwamba uhakiki ni urasimu. Hatukubaliani nao. Ramani isiyo na tarehe, kijiji wala jina la aliyeipima haimsaidii mtu. Lakini tunakubali kwamba hatua tano hazihitajiki pale zinapotosha mbili: mmoja athibitishe kwamba waraka ni wa kweli, mwingine asahihishe maelezo yake.

Wala si kila kitu kiwe wazi kwa kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu pia wenye ngitili ambao majina yao yamo katika orodha za kaya. Orodha hizo zisomwe na wanaohusika tu. Sheria ndogo na taarifa za miti zisomwe na wote, kwani ni jasho la wananchi wenyewe.

Wazee walioziotesha upya ngitili hizo wanapungua. Vijana watakaozirithi watauliza mpaka ulipita wapi na nani aliukubali. Ni wajibu wa viongozi wa mikoa hii mitatu kukaa pamoja, kuandika nani anaingiza, nani anahakiki na nani anasoma, kisha ndipo waiwashe kompyuta.