Alama ya kujumlisha inayounganisha maneno
Kwenye programu, kutaja aina ya data husisitizwa, ila suala la alama za hesabu hupitwa haraka, na hapo ndipo watu wanapoumia. Kijana mmoja wa Tangini, Kibaha, alitengeneza programu ya mauzo ya duka la pembejeo kwa JavaScript. Mteja akachukua mbolea ya 12000 na dawa ya 3500; jumla ikatoka 120003500. Bei ziliingia kama maandishi, na kwenye maandishi alama ya + huunganisha tu. Kilichomchelewesha kugundua ni alama ya kutoa, ambayo hugeuza maandishi kuwa namba kimyakimya: mifuko 40 toa 3 ilitoa 37 bila tatizo. Alihangaika siku mbili, kumbe kilichotakiwa ni Number() kabla ya kujumlisha.

Na nyie mnaotaka kila kitu kiwe namba, jamani, namba ya simu haijumlishwi! Orodha ya wakulima wa korosho wa Kisarawe ikiingizwa kwenye Excel bila kutaja kwamba safu ile ni maandishi, 0754 inabaki 754. Anayeona haya ni ya wanafunzi akumbuke roketi ya Ariane 5, tarehe 4 Juni 1996: namba ya desimali ya biti 64 ililazimishwa kuwa namba kamili ya biti 16, haikuenea, na roketi ikalipuka sekunde kama 40 tangu iruke. Programu yake iliandikwa kwa Ada, lugha inayodai aina zitajwe. Kinga ya ubadilishaji ule ndiyo haikuwekwa.