Kansa ya damu: kuvimba macho si karuho, na kuacha dawa haiponyeshe

Asubuhi uso umevimba, zaidi chini ya macho. Tumbo linachafuka kila kisha kumeza kidonge. Usiku misuli ya miguu inakazana mupaka mugonjwa anaamuka. Katika jamaa nyingi za Bukavu, Uvira ao Goma, dalili za namna hiyo ziko na jina tayari: karuho, mtu amelishwa sumu. Kisha siku chache mugonjwa anapelekwa kutapishwa kwa munganga wa miti shamba, na kidonge kinabaki juu ya kabati.

Kwa mtu aliyeanza kutibiwa leukemia ya muda mrefu, ile wanganga wanaandika LMC kwenye fishi, dalili hizo kwa kawaida zinatoka kwa dawa yenyewe. Zinajulikana, na nyingi zinaweza kutulizwa.

Dawa hiyo inaitwa imatinib. Ilikubaliwa kule Marekani katika mwaka wa 2001, na tangu 2015 iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Inafunga ile alama mbaya inayoamuru chembe nyeupe za damu zizaane bila kipimo. Katika uchunguzi mkubwa uliofuata wagonjwa waliopewa dawa hiyo, watu karibu 83 kwa 100 walikuwa wangali wazima kisha miaka 10. Walikuwa watu wa inchi zenye hospitali za nguvu, ni kweli. Lakini kule Butaro, kaskazini mwa Rwanda, hospitali ya kijijini iliweza pia kutibu wagonjwa kwa imatinib na kuwafuata.

Basi ugonjwa unaweza kusimamishwa. Shida inakuja mwanzoni. Kuna wagonjwa wanaoingia kwenye matibabu bila maumivu makali: uchovu, jasho la usiku, kukonda kidogo, uzito upande wa kushoto wa tumbo juu bandama imekuwa kubwa. Hapa kwetu bandama kubwa inasemwa ni malaria ya zamani, hakuna anayeshituka. Sasa mtu huyo anameza dawa na anaanza kutapika. Jamaa inahesabu namna yake: alikuwa mzima, dawa ndiyo imemuharibu. Ni vigumu kuwalaumu kama hakuna aliyewaeleza mbele.

Kidonge, kwa kawaida miligramu 400 kwa siku, kinamezwa katikati ya chakula kikubwa cha siku, si tumbo tupu. Bugali na sombe vinatosha. Maji yawe kikombe kizima kikubwa, na mtu asilale palepale. Akitapika, asirudilie kidonge kingine. Angojee saa ya kawaida ya kesho. Kwa kuvimba, kupunguza chumvi kunasaidia: makayabu na kube za mchuzi ziende pembeni kwanza. Lakini kama kilo zinapanda haraka ao pumzi inakata, ni hopitali siku ileile. Hivyo pia macho yakiwa ya manjano, ao ngozi ikianza kutoka malengelenge. Kuhara kunataka maji ya chumvi na sukari ya kituo cha afya. Ibuprofen na aspirini, zile mtu ananunua famasi bila kuulizwa kitu, zisimezwe bila ruhusa: damu ikikosa chembe za kuigandisha, dawa hizo zinaongeza hatari ya kutoka damu.

Lakini hatari kubwa haionekane kwa macho. Katika miezi ya kwanza, dawa inaweza kushusha chembe za damu kupita kiasi. Ndiyo sababu kipimo cha NFS kinaombwa kila wiki mwezi wa kwanza, kisha kila wiki mbili mwezi wa pili. Aina ya chembe nyeupe zinazopigana na mikrobi zikishuka chini ya 1.000, ao zile za kugandisha damu chini ya 50.000, munganga anasimamisha dawa kwa muda na kuirudisha kisha. Huko si kuacha. Na homa wakati huo isipewe tu vidonge vya malaria. Inaweza kuwa mikrobi imepata mwili bila askari.

Hapa ndipo hali ya mashariki inaumiza. Tangu AFC/M23 ilipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, benki zikafunga milango, na safari ya kwenda Kinshasa ikawa ya kuzunguka inchi za jirani. NFS moja haiko na bei ya kutisha. NFS za kila wiki, pamoja na moto, mashua na mahali pa kulala, ni mambo mengine. Mipango ya kutoa dawa bure iliwahi kuwapo katika inchi nyingi maskini, kama ule Novartis na The Max Foundation walianzisha katika 2002, lakini kidonge cha bure hakilipe safari ya kwenda laboratware. Hopitali za mahali zingeweza kupima, kisha kutuma matokeo kwa telefone kwa munganga aliyeandika dawa. Mashine za NFS ziko katika hopitali kadhaa. Kinachokosekana mara nyingi ni mapatano hayo tu.

Mugonjwa naye yuko na mambo ya kusema mbele. Kama anameza dawa za kifua kikuu, rifampicin inapunguza sana nguvu ya imatinib. Mubirizi na chai ya artemisia vitajwe pia, hata kama munganga atakunja uso. Mwanamke asipate mimba bila kuzungumuza naye kwanza.

Mtu akiacha mwenyewe, chembe nyeupe zinaweza kupanda tena kimyakimya, na kumeza leo, kuruka kesho, kunaupa ugonjwa nafasi ya kuzoea dawa. Aliye mbali na mji ahesabu vidonge vyake, na atafute vingine vikiwa vimebaki vya wiki mbili, si vya siku mbili. Barabara ya hapa inaweza kufungwa usiku mmoja.