MAWE YETU, ELIMU YAO

Wandugu wafanyakazi wa migodi, nanyi wakaaji wa miji,

Kila mtu wa Katanga amesikia ya kuwa urani ya bomu la Hiroshima, la tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Lakini twaulizana neno moja: jiwe lilitoka kwetu, je, elimu ilibaki kwa nani?

Mwaka 1940 kompani ya Union Minière ilipeleka New York tani zaidi ya 1,000 za mawe hayo, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Lakini jiwe peke yake si bomu. Katika sehemu 1,000 za urani, ni 7 tu zinazofaa kazi hiyo. Ili kuzitenga, wahandisi wa Oak Ridge waliigeuza urani kuwa gesi, wakaichuja tena na tena, mara maelfu. Nani alilipa? Si mfanyabiashara. Serikali ya Marekani ilitoa dola karibu bilioni 2 kwa kazi yote ya bomu. Vita vilipokwisha, elimu ile haikuzikwa. Ilizaa viwanda vya umeme na dawa za hospitali.

Tarehe 26 Septemba 1944 Marekani, Uingereza na Ubelgiji zilipatana juu ya urani ya Kongo. Ubelgiji uliahidiwa fungu katika faida ya nguvu hiyo. Mchimbaji hakuulizwa.

Wengine watajibu: «Kongo nayo ilipata.» Ni kweli. Mwaka 1959 universite ya Lovanium, huko Léopoldville, iliwasha tanuru la atomiki la kwanza katika Afrika yote. La pili, lenye nguvu zaidi, lilifuata katika miaka ya 1970. Lakini mashine ya elimu isiyopewa feza kila mwaka ni chungu bila moto. Lile la pili limesimama tangu 2004. Na mwaka ule ule wa 2004, shimo la Shinkolobwe, lililokwisha kufungwa kwa amri ya serikali, liliangukia wachimbaji na kuwaua.

Leo ni zamu ya kobalti. Inatoka kwetu kama unga ndani ya mifuko, na sehemu kubwa inasafishwa China. Njia ni ile ile.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Sehemu ya kodi ya migodi iende kwa maabara za kemia hapa kwetu, kila mwaka, bila kukatwa. Vumbi la migodi na damu ya wachimbaji vipimwe, na majibu wapewe wenyewe kwa lugha wanayoielewa. Na watoto wetu, wa kiume na wa kike, wafundishwe kulisafisha jiwe, si kulibeba tu.

Wandugu, jiwe likiisha kutoka halirudi. Elimu ikikaa hapa, hakuna meli itakayoichukua.