Hesabu za Dawa: Nani Kasema Ni Kanuni za Kukariri?

Mdogo wangu wa kike anasomea famasi kwenye chuo kimoja cha afya ambacho jina lake naliweka kapuni. Akimaliza miaka yake mitatu atakuwa fundi dawa sanifu, yaani yule mtu unayemkuta dirisha la dawa ukishatoka kwa daktari na cheti chako mkononi. Majuzi aliacha daftari lake la hesabu za dawa mezani, nami kwa umbea wa kazi yangu nikalifungua.

Kurasa nzima za kanuni. Kila kanuni iko ndani ya kiboksi, kwa wino mwekundu, kwa Kiingereza. Kanuni ya Young, kanuni ya Clark, kanuni ya Fried, halafu ile ya C1V1 = C2V2 ambayo kila aliyepita kidato cha nne ataikumbuka kutoka kwenye Kemia. Nikamwuliza, akazitaja zote bila kutazama, kama mtoto wa madrasa anayesoma juzuu. Safi sana. Basi nikamtungia swali la mtaani: mtoto ana kilo 10, anapewa parasetamoli ya maji, mg 15 kwa kila kilo. Chupa imeandikwa mg 120 katika ml 5. Apewe ml ngapi?

Akaandika, akakata, akabonyeza kikokotoo (sisemi kile cha mafao ya wastaafu), akapigia mstari jibu lake mara mbili: ml 62.5.

Ndugu msomaji, chupa yenyewe ina ml 60.

Nukta ilikuwa imeteleza mahali fulani, jibu ni ml 6.25. Mtu yeyote anaweza kuteleza nukta, na mimi sina ugomvi na nukta. Kilichonitisha ni kwamba lile jibu halikumshtua. Chupa ilikuwa mbele yake, kabatini kwetu haikosi, na bado hakuona ajabu kumnywesha mtoto wa kilo 10 chupa nzima na kisha kutafuta ml 2.5 nyingine za kujazia. Hiyo ni mg 1,500, mara kumi ya dozi, na parasetamoli ikizidi kiasi hicho ini la mtoto liko hatarini.

Nikaiweka ile kanuni pembeni. Nikamwambia kwa Kiswahili, kijiko kimoja cha ml 5 kina mg 120, wewe unataka 150. Je, ni zaidi ya kijiko kimoja au pungufu? Akacheka. "Zaidi kidogo, kaka." Zaidi kwa kiasi gani? "Robo." Kwisha habari. Bila boksi, bila wino mwekundu.

Sasa msinielewe vibaya. Mdogo wangu si mjinga, na mwalimu wake nina hakika anajituma. Ninachosema ni kwamba tunafundisha somo hili kinyumenyume. Tunaanza na kanuni, tunamaliza na kanuni, na dawa yenyewe haionekani darasani. Mwanafunzi anajifunza kupata jibu. Kulitazama lile jibu na kusema "hapana, hili haliwezekani", hilo hafundishwi, wakati ukiniuliza mimi, nusu ya kazi ya mtu wa dirisha la dawa ni hiyo.

Chukua hiyo kanuni ya Young inayopendwa na watunga mitihani. Inasema chukua umri wa mtoto, gawanya kwa umri huo ukijumlisha 12, kisha zidisha kwa dozi ya mtu mzima. Mtoto wa miaka 3 anapata 3 kwa 15, yaani moja ya tano. Dozi ya mtu mzima ikiwa mg 1,000, mtoto anapewa 200. Sawa. Lakini ni mtoto yupi? Kuna wa miaka 3 aliyedhoofika mwenye kilo 10, na kuna wa miaka 3 aliyenona mwenye kilo 16. Kwa mg 15 kwa kilo wa kwanza anahitaji 150, wa pili 240. Young anawapa wote 200 na hajawatazama hata usoni. Ndiyo maana siku hizi dozi za watoto hupangwa kwa uzito. Kanuni hizi za umri zilikuwa za enzi zake, nazo zifundishwe kama historia, dakika kumi, tuendelee. Muda uliobaki mwanafunzi apewe mizani.

Halafu kuna suala la lugha. Wengi wetu tulijifunza hesabu kwa Kiswahili. Hakuna aliyesoma shule ya msingi ya serikali asiyejua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Uwiano, asilimia, sehemu, desimali, vyote tulivimeza kwa lugha tunayoitumia kununulia nyanya. Tukaingia kidato cha kwanza, kila kitu kikabadilishwa jina, na Hisabati ikawa ndiyo somo la kuangusha watu. Sifa za kujiunga na kozi hii ya famasi zimekuwa zikidai Kemia na Baiolojia, huku Hisabati ikihesabiwa kuwa ni sifa ya ziada tu. Kwa hiyo chuo kinapokea wanafunzi ambao kwa miaka minne wameambiwa hesabu si zao, kinawakalisha chini, kinawasomea imla ya kanuni kwa Kiingereza. Unategemea nini?

Mtu atasema dawa zimeandikwa kwa Kiingereza. Kweli, na lazima asome lebo kama ilivyo. Lakini kufikiri kwamba "kijiko kina 120, nataka 150" hakuhitaji pasipoti. Anayetaka kuandika jibu kwa Kiingereza kwa ajili ya mtihani aandike, akishalielewa.

Nikupe mfano wa jambo lenyewe lilivyo zito. Mwaka 2006, kule Ohio, Marekani, mtoto wa miaka miwili aitwaye Emily Jerry alikuwa akitibiwa saratani. Fundi wa famasi aliyemwandalia dripu ya dawa alitumia maji ya chumvi ya asilimia 23.4 badala ya yale ya kawaida ya asilimia 0.9. Mfamasia alipaswa kuligundua kosa, akalipitisha. Mtoto alifariki. Mfamasia alipoteza leseni yake na mwaka 2009 akafungwa jela miezi sita. Mwaka huohuo Ohio ikawa na sheria, inayojulikana kwa jina la huyo mtoto, inayotaka mafundi wa famasi wawe wamefuzu na kuthibitishwa kabla ya kugusa kazi hiyo.

Sasa nenda darasani uulize asilimia 0.9 ni nini. Utaambiwa gramu 0.9 katika ml 100. Jibu sahihi, alama mbili. Lakini je, anaihisi? Gramu 9 katika lita moja, hiyo ndiyo dripu ya maji ya chumvi tunayoijua. Asilimia 23.4 ni gramu 234 katika lita ileile, yaani mara 26. Maji ya bahari yana chumvi kama asilimia 3.5 hivi. Kila aliyewahi kumezwa na wimbi pale Coco Beach anajua ladha yake. Basi yale maji yalikuwa na chumvi zaidi ya mara sita ya bahari, na yalikuwa yanakwenda kwenye mshipa wa mtoto. Mwanafunzi aliyefundishwa hivi hatasahau, hata akisahau kanuni zote.

Marekani ni mbali, twende uswahilini. Mama amepewa cheti: amoksilini ya maji, ml 5 kutwa mara tatu, siku saba. Chupa ya unga ukishaichanganya inatoa ml 100. Tano mara tatu mara saba ni 105. Dozi moja imepungua, na hapo tumejifanya kwamba nyumbani kila tone linaingia kinywani na hakuna linalomwagika. Daktari akiandika ml 7.5, jumla inakuwa 157.5, chupa ya pili ni lazima. Ni hesabu ya darasa la nne, lakini nimeshuhudia kwa macho yangu mama anaondoka na chupa moja kwa cheti cha namna hiyo. Dawa inaisha katikati ya dozi, anaamini amemaliza. Tukija kulalamika usugu wa dawa tunawalaumu akina mama kwamba hawamalizi dozi.

Na hata kuichanganya ile chupa kuna hesabu ndani yake. Maji unayotia hayafiki ml 100, kwa sababu unga wenyewe una nafasi yake. Ukitaka ml 100 unajaza mpaka alama. Atakayepima 100 kamili na kumimina anapata dawa nyepesi kuliko ilivyoandikwa, na mtoto anakunywa pungufu kila kijiko mpaka mwisho. Hili huwezi kulikariri. Ukilifanya kwa mkono wako mara moja, limeingia.

Kuna wanaoniambia hesabu hizi zinaelekea kufa kwa sababu dawa zinakuja zimeshapimwa. Wana hoja. Angalia dawa mseto ya malaria tuliyoanza kuitumia nchini mwaka 2006: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 ana pakiti yake ya vidonge 6, anayefuata 12, anayefuata 18, mtu mzima 24. Kidonge kimoja, viwili, vitatu au vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu. Aliyebuni mpango huo aliwafanyia watu hesabu mapema, na amefanya jambo jema. Tabu inakuja pakiti za watoto zikiisha stoo na zikabaki za watu wazima. Hapo ndipo anatakiwa mtu wa kukata ile ya 24 akajua inatosha watoto wanne wa kundi la kwanza, na akamweleza kila mama kwa nini pakiti yake imekatwa. Pakiti haitamsaidia siku hiyo.

Wala C1V1 = C2V2 siichukii, nachukia inavyofundishwa bila maana yake. Mwaka 2020, wakati wa korona, dunia nzima ilikuwa ikitengeneza vitakasa mikono. Fomula ya Shirika la Afya Duniani inasema chukua spiriti ya asilimia 96, ml 8,333, ongeza vitu vingine kidogo, kisha maji mpaka lita 10, unapata asilimia 80. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya zile 8,333 kuna spiriti tupu kama ml 8,000, na ukiongeza maji zinabaki 8,000 zilezile, ila sasa zimo ndani ya 10,000. Ni chai iliyozidi sukari: ukiongeza maji sukari haipungui, inapungua ladha. Ndiyo kanuni yote hiyo. Mwanafunzi akiielewa hivi ataiandika mwenyewe.

Kwa hiyo ningekuwa na mamlaka (sina, nina kalamu tu) ningebadili mambo machache. Kwanza, asiruhusiwe mtu kushika kikokotoo kabla ya kukisia. Aseme kwa mdomo: zaidi ya kijiko au chini ya kijiko, kidonge kimoja au kumi. Kisha apige hesabu, kisha alinganishe. Halafu uandishi wa nukta uwe sheria tangu siku ya kwanza: andika 0.5, usiandike .5, kwa sababu nukta ikififia mtu anasoma 5. Andika 5, usiandike 5.0, kwa sababu atasoma 50.

Na alama za kufaulu tuziangalie upya. Uingereza, tangu viwango vya mwaka 2018, mwanafunzi wa uuguzi lazima apate asilimia 100 kwenye jaribio la hesabu za dawa. Hana 99. Anaweza kurudia, lakini kufuzu bila 100 hakuna. Kwetu mtu anaweza kukosa maswali kadhaa ya dozi, akafidia kwa maswali ya kueleza, akafaulu na kupewa dirisha. Yale maswali aliyokosa ni watoto gani hao?

Nililiweka suala hili mbele ya rafiki yangu anayefundisha chuo kingine. Akanisikiliza vizuri, kisha akaniuliza kama ninajua ana wanafunzi wangapi na mizani ngapi. Haki yake. Darasa limefurika, vifaa vya kugombania, mtaala una tarehe zake. Lakini bomba la sindano la ml 5 halifiki bei ya soda, chupa tupu za dawa za maji ziko kila nyumba, na chumvi ya mezani iko kila duka. Wagawe watu sita sita. Kundi moja lipime ml 6.25 za maji lione zinavyokaa kwenye bomba la ml 5 ambalo hazienei, kundi jingine liyeyushe gramu 9 za chumvi katika lita ya maji safi, waonje kidogo, kisha waongeze mpaka 35 waonje tena. Akaniambia gramu 9 atazipimaje bila mizani. Nikamjibu mwuza duka wa mtaani kwake anayo, aende akapimiwe gramu 90 na darasa lizigawe mafungu kumi. Amesema atajaribu muhula ujao.