Biashara ya sisimizi si ufugaji, ni uchimbaji

Mei 7, 2025, mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, iliwatoza watu wanne faini ya Sh1 milioni za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Walikutwa na maelfu ya sisimizi, wengi wao malkia, katika mirija yenye pamba. Wawili ni vijana wa Ubelgiji, mmoja ni raia wa Vietnam, mwingine Mkenya.

Ulaya na Asia wapo watu wanaofuga sisimizi nyumbani katika masanduku ya kioo, kama wengine wafugavyo samaki wa mapambo. Huko malkia mmoja wa sisimizi wakubwa wavunao mbegu huuzwa hadi pauni 170 za Uingereza.

Kwa mkulima wa Shinyanga ambaye pamba yake inategemea mvua, fedha hizo zinavutia. Anaweza kuuliza: kama nyuki wanafugwa, kwa nini si sisimizi?

Tofauti ni kubwa. Malkia huruka msimu wa mvua, hupandana na madume, kisha huchimba kiota kipya. Ni vigumu kuwazalisha nyumbani, hivyo wauzaji huwaokota porini. Anayefuga ni mnunuzi. Muuzaji anachimba tu, na kila malkia anayeondoka ni koloni zima lililopotea.

Sisimizi hawa husambaza mbegu za nyasi, na mashimo yao hupitisha hewa na maji ardhini. Wasukuma hutenga ngitili ili mifugo ipate malisho kiangazi, na mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulisaidia kuzirejesha. Kuuza sisimizi ni kupunguza nguvu ya malisho hayo.

Wachimbaji wadogo wa Geita wanalijua somo hili. Kabla soko la madini halijafunguliwa Machi 2019, wengi waliwauzia walanguzi kwa bei wasiyoipanga. Sisimizi hawana hata soko hilo. Mwokotaji hupata kidogo, lakini faini ya Nairobi ilikuwa sawa kwa mgeni na mwenyeji.

Mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Sasa halmashauri na maofisa ugani wawaeleze wanavijiji waziwazi sheria inasemaje kuhusu wadudu, kabla mnunuzi hajabisha hodi. Anayetaka kipato cha wadudu aanze na mizinga ya nyuki: asali huvunwa, na malkia hubaki.