Pushapu nusu hazihesabiwi

Wadau, leo naomba tuiache siasa kidogo, tuongelee mazoezi.

Siku hizi kila mtu mjini anafanya mazoezi, au tuseme kila mtu ana fulana ya mazoezi. Jumamosi alfajiri barabara zinajaa vikundi vya kukimbia, saa mbili wote wako kwenye supu. Sina ugomvi na supu. Ugomvi wangu ni hesabu zetu. Jamaa anashuka robo, anapanda, anatangaza "ishirini na tano!" Kifua hakijakaribia hata sakafu. Ukimwambia hiyo haihesabiwi, anakuona mnoko.

Mimi niko upande wa wanoko. Pushapu ni moja pale kifua kinapofika chini na mikono inaponyooka juu, basi. Ukiwa chumbani kwako hakuna bosi wala mwamuzi, anayejua ukweli ni wewe tu. Ndiyo maana naamini mazoezi yanajenga tabia kuliko semina nyingi tunazolipiwa posho. Mwandishi anayejiongezea pushapu tano akiwa peke yake, ataona ugumu gani kuandika "maelfu ya wananchi" kwenye mkutano wa watu mia tatu? Na bahasha je?

Mtazameni Eliud Kipchoge. Mwaka 2012 alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwaka uliofuata akahamia marathoni, kisha akachukua dhahabu Rio 2016, na tena michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Oktoba 2019 kule Vienna alimaliza kilometa 42 na ushee kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Dunia nzima ilishangilia, lakini haikuandikwa kuwa rekodi rasmi, maana wakimbiaji wa kumwongoza walikuwa wanapokezana njiani. Kipimo ni kipimo, hata ukiwa Kipchoge! Na huyu ni milionea ambaye kambini Kaptagat alishika zamu ya kusafisha vyoo kama wenzake, na mazoezi yake akiyaandika kwenye daftari.

Najua kuna atakayesema wapo watu wenye vifua vya kutisha na tabia za hovyo. Wapo, tunawajua. Ila wengi wao kipimo chao ni kioo.

Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri nipo Coco Beach. Anayetaka kuhesabiwa na mnoko aje.