Usiuze mtamba ili ununue kamera

KIJANA mmoja wa jirani alinijia hivi karibuni akiwa na simu mkononi. Baada ya kuniamkia alinionyesha picha ya rodeo, ule mchezo wa Marekani na Kanada ambao watu hupanda farasi wakorofi na mafahali mbele ya watazamaji. Farasi alikuwa amerusha miguu ya nyuma juu kuliko kichwa chake, vumbi limetanda, na mpandaji ameng’ang’ania kwa mkono mmoja.

“Mzee, aliyepiga picha hii analipwa,” aliniambia. “Mimi nimekulia zizini. Nataka nimwombe baba auze mtamba mmoja ninunue kamera, nianze kupiga picha za mifugo kwenye maonyesho.”

Nilimwambia wazo lake si baya, ila ameanzia mwisho. Nayasema hayo hadharani leo kwa sababu wako vijana wengi wanaoanza biashara kwa kununua chombo, kisha ndipo wanamtafuta mteja. Mchezo huo huo alionionyesha unafundisha kinyume chake.

Rodeo si jambo dogo kule. Mashindano ya Cheyenne, Marekani, yalianza mwaka 1897, na ya Calgary, Kanada, mwaka 1912. Lakini ndani ya uwanja muda ni mfupi mno. Mpandaji wa fahali au farasi mkorofi hutakiwa kukaa juu ya mnyama kwa sekunde 8 tu, akishika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ukimgusa mnyama, ameshatolewa. Waamuzi hutoa hadi alama 100, nusu kwa mpandaji na nusu kwa mnyama.

Mpiga picha asiyejua hayo atarudi na picha za vumbi. Anayejua hungoja ile nukta mnyama anaporusha miguu ya nyuma kabisa huku mpandaji bado amekaa sawasawa, kwa sababu hapo ndipo wote wawili wanaonekana katika ubora wao. Upo pia mchezo wa mapipa 3, ambao mpandaji huyazunguka mbio na kila pipa likianguka anaongezewa sekunde 5. Mpiga picha mzoefu hamkimbizi farasi kwa kamera. Huchagua pipa moja, hujipanga mapema, na humngojea farasi anapoinama kukata kona.

Kamera yenyewe ina masharti machache. Iwe na uwezo wa kunasa tukio kwa sehemu ya 1 kwa 500 au 1 kwa 1,000 ya sekunde, iwe na lenzi ya kuvuta kitu cha mbali, na lenzi isibadilishwe katikati ya vumbi. Mengine yote ni kumjua mnyama: masikio yakilala nyuma ana maana gani, atageukia upande gani, na wewe utakimbilia wapi akija kwako. Mfugaji aliyewahi kupigwa teke wakati wa kukamua anayajua hayo bila kwenda darasani. Huo ndio mtaji wa kijana wangu, na hakuna duka linalouuza.

Mtaji wa pili ni kumjua anayenunua. Hapa nampenda sana Louise Serpa, mama aliyezaliwa New York mwaka 1925 na kuhamia Tucson, Arizona. Hakuanza na mabingwa. Alianza kwa kupiga picha za watoto katika rodeo za watoto, akiwauzia wazazi wao. Mwaka 1963 akawa mwanamke wa kwanza kuruhusiwa na chama cha washindani wa rodeo kupiga picha ndani ya uwanja, na aliendelea na kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Alifariki dunia mwaka 2012, picha zake zikiwa zimeheshimika kama kazi za sanaa.

Angalia alivyopiga hesabu. Mshindani wa rodeo kwa kawaida hana mshahara. Hulipa kiingilio kutoka mfukoni mwake, na akishindwa anarudi nyumbani mikono mitupu. Mtu huyo hawezi kuwa mteja wa kutegemewa. Lakini mzazi aliyemwona mwanawe juu ya farasi kwa mara ya kwanza atanunua picha hata kama mtoto ameshika mkia.

Najua utaniuliza: siku hizi kila mtu ana simu, nani atanunua picha? Ni swali la haki, na wapiga picha wetu wengi wa mitaani limewaumiza. Jibu langu ni kwamba simu iliyoko jukwaani hupata mgongo wa mtu aliyekaa mbele. Mteja hulipia mahali uliposimama, subira yako na nukta uliyoinasa. Kama picha yako haina tofauti na ya simu yake, usimlaumu akikataa kulipa.

Sisi hatuna rodeo, lakini tuna wanyama na tuna watu wanaojivunia wanyama wao. Kwenye Nane Nane mifugo hupambanishwa na kupewa tuzo. Kule Lamu kuna mbio za punda wakati wa Maulidi. Mwenye dume lililoshinda anahitaji picha nzuri ya ubavuni, miguu yote minne ikionekana, kwa sababu picha hiyo itamsaidia kuuza ndama kwa miaka mingi. Mnunuzi wa mbegu bora ataamini kwanza macho yake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana ni huu. Azima au kodi kamera kwanza. Jizoeze nyumbani kwa ndama na mbuzi wanaokimbia. Omba ruhusa kwa waandaaji kabla ya siku yenyewe, na usiingie uwanjani kwa ujanja, maana mnyama aliyeshtushwa na taa ya kamera anaweza kuumiza mtu. Andika kwenye daftari namba ya kila mnyama, jina la mwenyewe na simu yake, kwa sababu picha isiyojulikana ni ya nani haiuziki. Patana bei kabla, na usisafishe picha kabla ya kupokea malipo ya awali. Picha iliyosafishwa ikakosa mwenyewe ni hasara isiyouzika kwa mtu mwingine.

Ukifanya maonyesho mawili au matatu na daftari likaonyesha faida, hapo nunua kamera kwa fedha za picha zenyewe. Likionyesha hasara, umepoteza nauli na gharama ya kukodi, lakini mtamba yuko zizini.

Kijana alinisikiliza akanuna kidogo. Juzi nimemkuta nyuma ya zizi la baba yake, amelala kifudifudi kwenye majani na kamera ya kuazima, akimngojea ndama aruke. Mtamba alikuwa kando yake, anacheua.